Kumrekodi mzee akisimulia maisha yake: swali gani kwa umri gani

Wengi huanza hivi: simu inawekwa mezani, mzee anakalishwa kwenye kiti kizuri, kisha mjukuu anasema, "Babu, hebu tusimulie maisha yako." Babu anakohoa kidogo. Alizaliwa mahali fulani, akasoma mpaka darasa la nne, akaenda kukata mkonge Tanga, akaoa, akapata watoto saba, akastaafu, anamshukuru Mungu. Dakika kumi na mbili, imekwisha. Familia inaondoka ikiamini mzee amesahau. Hajasahau. Swali lilikuwa pana mno, na kumbukumbu ya mtu mzima haifunguki kwa swali la namna hiyo.

Kumbukumbu ya mambo yaliyompata mtu mwenyewe ina umbo lake, na umbo hilo si sawa katika miaka yote ya maisha. Kuna umri unaojibu ukiguswa tu, kuna umri unaohitaji kuchimbwa kwa jembe, na kuna umri ambao hata ukichimba hutakuta kitu, ila utapewa jambo mzee alilosikia kwa wengine. Anayerekodi bila kujua tofauti hii huuliza swali lilelile la kila umri, kisha hupata ujana mwingi na utu uzima wa mistari mitatu.

Mgongo wa ng'ombe

Mwaka 1879 Mwingereza Francis Galton alijifanyia jaribio: anatazama neno moja, anaandika wazo la kwanza linalomjia, kisha anajiuliza wazo hilo limetoka umri gani wa maisha yake. Akaona kwamba karibu asilimia 40 ya mawazo hayo yalitoka utotoni na ujanani. Wamarekani Crovitz na Schiffman waliifufua njia hiyo mwaka 1974, na mwaka 1986 David Rubin na wenzake wakakusanya matokeo ya tafiti kadhaa za watu wa makamo na wazee, wakayapanga kwa umri.

Ukiyachora, mchoro unafanana na mgongo wa ng'ombe wetu wa kienyeji. Mbele kabisa, kwenye miaka 3 au 4 ya kwanza ya maisha, karibu hakuna kitu. Kutoka hapo hadi miaka 7 hivi vipo vipande vichache. Kati ya miaka 10 na 30 inapanda nundu. Baada ya nundu mgongo unashuka na kunyooka, na miaka mingi ya utu uzima inapita na kumbukumbu chache. Kisha mwishoni, kwenye miaka ya karibuni, unainuka tena, kwa kuwa mambo bado ni mabichi. Nundu hii huonekana wazi kwa watu waliopita miaka 40. Ukimrekodi kijana wa miaka 25, huna haja ya mwongozo huu.

Sababu za nundu zinajadiliwa mpaka leo, lakini mbili zinakufaa kazini. Ya kwanza, umri huo umejaa mambo ya mara ya kwanza: mshahara wa kwanza, treni ya kwanza, kulala mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza. Siku ya elfu moja ya kazi ileile haiachi alama kama siku ya kwanza. Ya pili, kila jamii ina ratiba ya maisha ambayo watu wake wanaijua kichwani: jando au unyago, shule, posa, ndoa, mtoto wa kwanza. Mtu akiombwa kukumbuka, huifuata ratiba hiyo kama mtu anayefuata reli. Dorthe Berntsen na Rubin walionyesha kwamba ratiba hizi zimejaa mambo ya furaha, na kwamba nundu iko kwenye kumbukumbu za furaha, huku za huzuni zikikosa nundu iliyo dhahiri. Maana yake kwako ni hii: misiba, kufukuzwa kazi, ugonjwa mrefu, havitakuja vyenyewe katika mtiririko wa "maisha yangu". Itabidi viwe na swali lake, na viulizwe kwa umri wote.

Nundu pia huhama. Nchini Bangladesh, wazee waliopitia vita vya uhuru vya 1971 wakiwa watu wazima walionyesha nundu ya pili kwenye umri wa vita. Kwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini waliofika Marekani wakiwa watu wazima, kumbukumbu zilijaa zaidi karibu na miaka ya kuhama. Kwetu jambo hili lina uzito. Mzee aliyeondoka Unguja baada ya 1964 akaishia Muscat au Dubai, mama aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa akiwa na watoto wanne, familia iliyokimbia Burundi mwaka 1972: hawa usiwapimie nundu ya vitabu. Kabla ya yote uliza, "Maisha yako yalipinduka lini?" Jibu ndilo litakaloamua utakaa wapi muda mrefu.

Andaa kalenda kabla ya kuwasha simu

Chukua karatasi ya manila au kurasa mbili za daftari zinazotazamana. Piga safu sita: mwaka, umri wa mzee, alipoishi, kazi au shule, vizazi na vifo vya nyumbani, mambo ya nchi. Usianze na mwaka wa kuzaliwa wa mzee, kwa sababu mara nyingi huo ndio ulio na shaka kuliko yote. Wengi waliandikiwa tarehe ya kubahatisha walipokuwa wakiandikishwa shule au kazi. Anza na vizazi vya watoto, hasa wale wenye vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki. Kila mtoto ni kigingi. Kisha nyumba walizoishi kwa mfuatano. Kazi zije baada ya nyumba.

Safu ya mambo ya nchi ijaze wewe mwenyewe mapema. Kwa Tanzania: uhuru 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964, Azimio la Arusha 5 Februari 1967, kuuawa kwa Mzee Karume 7 Aprili 1972, kuhamia vijijini hasa 1974 na 1975, Vita vya Kagera 1978 na 1979, kifo cha Sokoine 12 Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba 21 Mei 1996, kifo cha Mwalimu 14 Oktoba 1999. Kwa Kenya: hali ya hatari Oktoba 1952, uhuru 12 Desemba 1963, kifo cha Mzee Kenyatta 22 Agosti 1978, maziwa ya Nyayo mashuleni kuanzia 1979, jaribio la mapinduzi 1 Agosti 1982, kuingia kwa mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985. Uganda weka kuingia kwa Amin Januari 1971 na kufukuzwa kwa Waasia 1972. Kwa watu wa Goma, lava ya Nyiragongo iliyoingia mjini Januari 2002. Ongeza mambo ya kijijini: mwaka wa nzige, mwaka daraja lilipobebwa na maji, mwaka umeme ulipofika.

Vigingi hivi vina kazi ya maana. Mtu akiulizwa tu "ilikuwa mwaka gani?" hukosea, na matukio yenye uzito mara nyingi huyavuta karibu na leo kuliko yalipo. Mwaka 1983 Elizabeth Loftus na Wesley Marburger walionyesha kwamba kosa hilo hupungua ukimpa mtu tukio linalojulikana, kisha ukauliza kama jambo lake lilikuwa kabla au baada. Kwa hiyo usiulize "mlihamia lini Morogoro?" Uliza, "Mwalimu alipofariki mlikuwa mmeshahamia?"

Mfungo ni kigingi kingine, na kwa familia za Kiislamu ni bora kuliko mwaka wa kalenda. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Bibi akikwambia kifungua mimba wake alizaliwa Ramadhani, na mvua za masika zilikuwa zimeshika hata futari ililiwa ndani, umepata mengi. Ramadhani iliangukia masika katikati ya miaka ya 1950, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha tena karibu na 2020. Umri wa bibi utakuambia ni ipi. Mapinduzi ya Zanzibar yenyewe yalitokea siku chache tu kabla ya Ramadhani, na wazee wengi wa Unguja huyapanga mambo ya wakati ule kwa mfungo huo: kabla yake, ndani yake, au baada ya Idi.

Wakulima wapangie kwa msimu wa kupanda na kuvuna, wavuvi kwa kusi na kaskazi. Mwezi utaupata kwa njia hiyo hata kama mwaka umegoma.

Vifaa na muda

Simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isiite, uilaze juu ya kanga iliyokunjwa mara nne ili kugonga meza kusisikike, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Faili ya WAV (sauti isiyobanwa) ya mkondo mmoja (mono) hula kama megabaiti 5 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ni zaidi ya 300. MP3 ya kilobiti 128 ni kama megabaiti 1 kwa dakika, nayo inafaa kama nafasi ni ndogo. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa spika za masikioni. Redio ya jirani, jogoo, feni ya dari na mvua juu ya bati huonekana vidogo ukiwa umekaa pale, lakini kwenye rekodi vinameza maneno.

Kaa uso kwa uso, upande wa sikio linalosikia vizuri zaidi, na miwani ya mzee iwe mkononi. Asubuhi ni bora: wazee wengi huwa wepesi wa kufikiri saa tatu au saa nne asubuhi kuliko alasiri. Dakika 45, usizidishe saa moja, hata kama yeye mwenyewe anasema bado ana nguvu. Panga vikao vitano au sita, vikiachana siku mbili tatu. Nafasi kati ya kikao na kikao si muda uliopotea. Mlango ukishafunguliwa, kumbukumbu huendelea kutoka usiku, na kikao cha pili kitaanza na "Nilipolala jana nikakumbuka jambo." Mwombe ruhusa ya kurekodi, mweleze nani atasikiliza, na mwambie kwamba kuna kitufe cha kusimamisha na kwamba akisema simamisha, utasimamisha.

Sikiliza kitenzi

Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mwaka 2002 Brian Levine na wenzake huko Toronto waliwahoji vijana wa miaka 19 hadi 34 na wazee wa miaka 66 hadi 89, wakapima kila walichosema kipande kwa kipande. Vijana walitoa zaidi vipande vya tukio lenyewe: nani alisimama wapi, nini kilionekana, mwili ulihisi nini. Wazee walitoa zaidi maelezo ya jumla: mambo yalivyokuwa enzi hizo, watu walivyokuwa, maoni yao kuhusu mambo hayo. Wazee hawakuwa na maneno machache. Maneno yao yalielekea kwingine.

Kiswahili kinakupa njia ya kulisikia jambo hili papo hapo, bila kusubiri kuandika. Mzee akiwa kwenye maelezo ya jumla, vitenzi vyake ni vya mazoea: tulikuwa tunaamka, tukienda, tukirudi, watu walikuwa wanaheshimiana. Akiingia kwenye tukio, vitenzi hugeuka: nikaingia, nikamkuta, akaniambia. Sikio lako likae kwenye -ka-. Ila tahadhari, -ka- pekee haitoshi. Babu wa mwanzo naye alisema "akaoa, akapata watoto saba, akastaafu", na -ka- zake ziliruka miaka kumi kumi. -Ka- unayoitafuta inaruka sekunde. Kati ya "nikaingia" na "nikamkuta" pana hatua mbili za mguu.

Usimkatize mzee aliye kwenye mazoea. Mazoea nayo ni mali. Ndiyo yatakayowaambia wajukuu jinsi watu walivyoishi. Lakini tumia mazoea kama ngazi ya kushukia. Ngazi ina vidato vitatu kwa mfuatano huu: mahali, mtu, siku moja. Tazama mfano:

"Tulikuwa tunaamka alfajiri, tunakwenda kisimani, tukirudi tunatwanga."

"Bibi, kisima chenyewe kilikuwa upande gani wa nyumba?"

"Chini huko, ukishapita ule mkorosho."

"Ulikuwa unakwenda na nani?"

"Na dada. Yeye na ndoo, mimi na kibuyu changu, maana nilikuwa mdogo."

"Ipo siku moja jambo lilitokea njiani?"

Hapo bibi ananyamaza. Anayehoji ananyamaza naye.

"Aa, ipo. Siku hiyo kulikuwa na umande, nikateleza pale kwenye mkorosho, kibuyu kikapasuka. Nikakaa chini nikalia. Dada akanivua kanga, akaikamua, akanifunga tena, akaniambia nyamaza, nitasema ni mimi. Tukarudi. Mama akatutazama, akaitazama kanga yangu ilivyolowa upande mmoja, hakusema kitu. Akanipa kata, akasema kesho utachotea hii."

Tazama kilichotokea kwenye ile kanga iliyolowa upande mmoja. Hakuna swali ambalo lingeweza kuiuliza. Ilikuja kwa sababu bibi alikuwa amesharudi mahali pale na mtu yuleyule, na kwa sababu palikuwa na ukimya. Hesabu mpaka kumi moyoni kabla ya kuuliza tena. Sekunde kumi za kimya ni nzito kwa kijana, kwa mzee ni muda wa kushuka ngazi.

Ona pia kwamba hakuna aliyeuliza "lini". Mholanzi Willem Wagenaar aliandika matukio yake mwenyewe 2,400 hivi kwa miaka sita, kisha akajijaribu: kidokezo cha "nini" kilimsaidia kuliko vyote, "nani" na "wapi" vilisaidia, na "lini" peke yake haikumsaidia karibu kitu. Tarehe iwe ya mwisho, na uitafute kwenye kalenda yako ukiwa umeshalipata tukio.

Maswali kwa umri

Utoto hadi miaka 7. Tafuta vipande, usitafute hadithi. Uliza juu ya mlango, kitanda, mahali pa moto, mbwa wa jirani. Harufu ni ufunguo wa pekee kwa umri huu. Utafiti wa Johan Willander na Maria Larsson huko Uswidi, kwa watu wa miaka 65 hadi 80, ulionyesha kwamba harufu huleta zaidi kumbukumbu za kabla ya miaka 10, wakati maneno na picha huleta za miaka 11 hadi 20. Basi njoo na karafuu kwenye kiganja, udi kidogo, mafuta ya nazi, kipande cha kuni chenye moshi, chochote kinachofaa mahali alipokulia. Mpe anuse akiwa amefumba macho, kisha kaa kimya. Akikupa jambo la umri wa miaka miwili, liandike, lakini uliza kwa upole: "Hili unaliona mwenyewe, au ulisimuliwa na mama?" Wengi hujua tofauti wakiulizwa.

Miaka 10 hadi 30. Hapa huhitaji kusukuma, unahitaji kugawanya. Usikubali miaka ishirini imalizike katika kikao kimoja. Ipe viwili au vitatu. Fuata mambo ya mara ya kwanza: siku ya kwanza shuleni na alivaa nini, fedha ya kwanza aliyoshika na alinunua nini, mara ya kwanza kuuona mji, mara ya kwanza kumwona aliyekuja kuwa mume au mke wake. Muziki wa umri huo unafaa sana. Tafuta rumba, taarabu au dansi la miaka aliyokuwa na 15 hadi 25, icheze dakika mbili, uzime, uulize alikuwa wapi.

Miaka 30 hadi 55. Hili ndilo bonde, na ndilo linaloachwa tupu kwenye rekodi karibu zote. Ni umri ambao mzee aliwalea wazazi wako, na familia hudhani wanaujua. Swali la "ulikuwa unafanya nini miaka ya themanini?" litarudisha "kazi tu". Siku zilifanana, kwa hiyo zimeungana na kuwa siku moja. Unazitenganisha kwa vitu vilivyobadilika: kila nyumba, kila bosi, kila chombo cha usafiri. Mwombe akutembeze kwenye nyumba ya pili waliyopanga: unaingia mlangoni, kushoto kuna nini, nani alilala chumba kipi, choo kilikuwa wapi, jirani wa ukuta ni nani. Dakika ishirini kwenye nyumba moja hazizidi. Tumia vitu vyenyewe pia: cherehani, redio ya mbao, kadi ya chama, sufuria ya harusi, risiti za zamani. Kwa Tanzania, uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni mgodi, kwa sababu uliivunja siku ya kawaida: foleni ya sabuni au sukari ina mahali, ina watu, na ina siku moja. Na hapa ndipo pa kuuliza juu ya misiba na hasara, kwa sababu haijikusanyi kwenye nundu.

Miaka ya karibuni itakuja bila taabu. Ipe nusu kikao.

Lugha ya swali nayo ni ufunguo. Viorica Marian na Ulric Neisser waliwahoji watu waliotoka Urusi wakahamia Marekani: wakiulizwa kwa Kirusi walikumbuka zaidi mambo ya maisha ya Kirusi, wakiulizwa kwa Kiingereza mambo ya maisha ya Kiingereza. Mzee aliyekulia kwenye Kisukuma, Kiluo au Kishi na kujifunza Kiswahili kazini, utoto wake uulizwe kwa lugha hiyo. Kama huijui, mtafute shangazi anayeijua aulize yeye, wewe ushike simu.

Yanayoharibu rekodi

Kupandikiza. "Babu, si ndiyo siku ile ulipompiga yule Mzungu?" Mwaka 1995 Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 maelezo ya utoto wao, moja likiwa la uongo, kwamba waliwahi kupotea dukani, takriban robo walikuja kulikumbuka, wote au sehemu. Swali lenye jibu ndani yake hutengeneza kumbukumbu. Uliza "ikawaje?", "kisha?", "nani mwingine alikuwepo?"

Kukaa kundi. Wanandugu wakikumbuka pamoja hutoa machache kuliko wangehojiwa mmoja mmoja na majibu yakaunganishwa, kwa sababu kila anayesema hukata uzi wa mwenzake. Mhoji kila mtu peke yake kwanza. Kikao cha pamoja kiwe cha mwisho, na hakitakuwa na madhara, kwa sababu ya kila mmoja yameshahifadhiwa.

Kuamini ung'avu. Mzee atakueleza alipokuwa siku Mwalimu alipofariki, na shati alilovaa. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipolipuka mwaka 1986, Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi asubuhi iliyofuata walivyopata habari, wakawauliza tena baada ya miaka miwili na nusu. Kati ya 44, watu 11 walikosea kila kitu, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa wa walichosema. Kumbukumbu ing'aayo inastahili kurekodiwa, lakini isiwe ushahidi pekee wa tarehe au wa nani alikuwepo. Usimbishie mzee papo hapo. Andika pembeni, ulinganishe baadaye.

Hadithi iliyosimuliwa mara mia. Kila mzee anayo moja, na huitoa kwa maneno yaleyale. Iache ipite mpaka mwisho, umshukuru, kisha uingie kwa mlango wa nyuma: kabla tu ya hapo ulikuwa umekaa wapi? Ulirudi nyumbani kwa njia gani? Mama alikuwa amepika nini? Kingo za hadithi hazijasuguliwa, na kwenye kingo ndipo mambo mapya yalipo.

Na maumivu. Sauti ikikwama, simamisha simu. Mpe maji, ukae naye. Usimwambie alie aishe wala asilie. Muulize kama anataka kuendelea leo, siku nyingine, au kuliacha hilo, na jibu lolote ni sahihi.

Mzee anapoanza kupoteza kumbukumbu

Kuchelewa kupata jina la mtu na kulikumbuka jioni ni kawaida ya umri. Kuuliza swali lilelile mara nne ndani ya kikao kimoja, kupotea kwenye njia ya msikitini au kanisani aliyoizoea, kushindwa kazi ya fedha aliyokuwa akiiweza, si kawaida. Mpeleke hospitali, na usikubali jibu la "ni uzee tu" kabla hajapimwa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, baadhi ya dawa, sonona na masikio yasiyosikia vyote huweza kumfanya mtu aonekane amesahau, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Mzee mwenye sonona hasa mara nyingi hujibu kwa mazoea matupu, na huenda asishuke ngazi hata ukimsubiri.

Ikiwa ni ugonjwa wa kusahau wenyewe, kazi haijaisha. Mfaransa Théodule Ribot alieleza tangu 1881 kwamba mambo mapya huondoka kabla ya yale ya zamani, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Punguza kikao kiwe dakika 15 au 20, acha kalenda, acha kabisa "unakumbuka?", kwa sababu swali hilo ni mtihani, na anajua ameshindwa. Mpe kitu mkononi au cheza wimbo, useme, "Hii kanga ni nzuri, bibi." Kitakachokuja kije.

Baada ya kikao

Siku hiyohiyo ipe faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na tarehe ya kikao, kisha namba. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, iambatishe kama hati. Sauti inayorekodiwa ndani ya programu yenyewe hubanwa na kupungua ubora.

Unapoandika, tenganisha alichosema na ulichokadiria. "Mwaka wa nzige" ni lake, liandike hivyohivyo. Mwaka wa namba ni wako, uweke kwenye mabano ya mraba. Saa nazo: mzee akisema saa mbili asubuhi, anamaanisha 8:00, na wajukuu waliokulia London au Toronto watalisoma vingine usipowaandikia. Mazoea na matukio yaandike kama yalivyotamkwa, usizigeuze -ka- zake kuwa -li- ili ziwe "sanifu", maana ndizo zinazoonyesha wapi alikuwa anaona na wapi alikuwa anaeleza.

Baada ya wiki mbili rudi umsomee kurasa za kikao cha kwanza kwa sauti, simu ikiwa imewashwa. Atakurekebisha jina la mtu, atakataa sentensi moja, na kabla hujafika ukurasa wa tatu atakusimamisha kwa mkono akuambie lililokuwa limebaki.